Wageni Mia Tatu wa Nyumba ya Pampu

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika. Karatasi nene, muhuri mwekundu, anwani imeandikwa sawasawa: Mtunzaji, Nyumba ya Pampu ya Zamani. Nimeisoma mara nne kwa raha ya anwani peke yake. Halafu nikafungua ndani.

Kamati ya Majengo ya Kale inakuja Jumamosi, saa tatu asubuhi. Itakagua kitabu cha wageni na mita ya pampu. Jengo lililopata wageni chini ya mia tatu kwa mwaka litafungwa, na mtunzaji atakabidhi ufunguo.

Wageni wangu wa mwaka mzima ni arobaini na mmoja. Wa kwanza ni mama watoto, aliyeniletea chai siku ya ufunguzi. Wa pili ni mimi. Wa tatu ni shemeji, mdogo wake mama watoto, aliyeingia kujikinga mvua na akatoka ilipokatika.

Hakuna njia ya kusema mita imekosea. Utaratibu wa hapa ni mmoja: mgeni anaandika kitabuni, kisha anazungusha gurudumu la pampu mara moja, asikie maji yanavyopanda kutoka tangi la chini hadi tangi la juu kama walivyoyapandisha wazee. Kila mzunguko, mita ya shaba ukutani inaongeza moja. Ina vidirisha vitatu. Leo kitabu kina 41, na mita inasema 041. Nimeifuta vumbi. Bado 041.

Watu wanadhani ni chumba tu cha mawe, hatua nne kwa tano. Hawajui. Nimesoma mita za maji za mji huu miaka thelathini na mmoja. Miaka thelathini na mmoja watu wamenifungulia mbwa. Watoto wamenijia mlangoni wakasema baba hayupo, na baba namwona miguu chini ya pazia. Nyumba ya pampu ndiyo mahali pa kwanza ambapo watu wanakuja kwangu kwa hiari yao. Mgeni wa arobaini na moja, bwana mmoja mwenye miwani, aliniuliza swali. Swali! Nilimjibu dakika hamsini na alisikiliza yote. Ni kweli nilikuwa nimesimama mlangoni.

Fundi bomba wa pale kwenye kona ameshapata habari, sijui kwa nani. Amepita akasema nikiondoka ataomba hii nyumba iwe stoo ya mabomba yake. Akaongeza kwamba msoma mita ni mtu aliyefanya kazi ya maji bila kulowa hata siku moja.

Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mpango una neno moja: makadirio.

Ni siri ya kazi yetu. Jua likiwa kali, mlango umefungwa, mbwa yuko nje, msoma mita hapotezi muda. Anakaa kivulini, anatazama ukubwa wa nyumba, anahesabu nguo kwenye kamba, anakadiria. Nilikuwa hodari. Makosa machache mno. Nyumba moja mita yake ilikuwa 998, mwezi uliofuata ikasoma 003. Wenzangu wangebabaika. Mimi niliandika: nyumba hii imerudisha maji. Wiki ile ile mkuu wangu akanihamishia mtaa wa mbali sana, wenye milima. Hawapeleki mtu yeyote tu kule.

Basi nimekaa na kitabu cha wageni tangu asubuhi, nikakadiria. Kalamu tatu: ya bluu, nyeusi na ya kijani. Mkono wa kulia kwa watu wazima, wa kushoto kwa watoto na madaktari. Familia ya watu saba. Mapacha. Daktari wa meno na mama mkwe wake. Timu nzima ya mpira pamoja na wachezaji wa akiba.

Safu ya maoni ndiyo imenipa raha zaidi. "Pazuri." "Pazuri sana." "Mtunzaji ana sauti ya kutuliza." "Nilikuja kuona pampu, nikamwona mtunzaji." Nikaona nisizidishe, kamati isije ikanusa. Nikaandika moja la kulaumu: "Mtunzaji anajua mengi mno kwa mtu mmoja."

Saa kumi jioni kitabu kimefika 312. Zaidi ya mia tatu, lakini si kwa pupa.

Imebaki mita. Hilo ni jambo la mikono tu. Nimeshika gurudumu, nikazungusha. Lo! Linaonekana jepesi kwa sababu wageni huzungusha mara moja na kwenda zao. Mzunguko wa tano jasho. Wa kumi naona nyota. Wa kumi na sita kiuno kimesema ta! na mimi nikabaki nimeinama hivyo hivyo, nikarudi nyumbani nikitazama viatu vyangu njia nzima.

Mama watoto amenichua kwa dawa. Ameuliza nimebeba nini. Nimemwambia nimebeba majukumu.

Kitabu 312. Mita 057.

Jumatano, 6 Machi

Kitandani hadi saa nne. Akili haikulala.

Nimesikia filimbi. Kila Jumatano shemeji huwaongoza wanawake wenzake kwenye mazoezi, uwanja wa shule, ishirini na sita kwa hesabu yangu kutoka dirishani. Wananyoosha mikono. Wanaruka. Nguvu yote ile inapotea hewani, na mimi nina gurudumu!

Nimejikokota hadi uwanjani. Nimemwambia shemeji kwamba wataalamu wamegundua gurudumu la pampu linapunguza nyama za mikono. Ameuliza mikono ya nani. Nimesema ya watu kwa ujumla. Amepuliza filimbi, na wote ishirini na sita wakanifuata barabarani kwa mistari miwili. Fundi bomba alikuwa mlangoni pa karakana yake akinywa uji. Kikombe kilisimama njiani.

Hesabu ilikuwa safi. Kila mmoja mizunguko kumi, jumla mia mbili na sitini. Ongeza 057, unapata 317. Nami ningekadiria wageni watano zaidi. Kwisha!

Kabla hawajaanza, shemeji ameomba kitabu waandike. Nimemweleza kwamba nafasi zimeshachukuliwa. Na nani? Na wageni. Wageni gani? Wageni wa kitabu, shemeji, mbona maswali mengi, wenzako wanapoa miili. Ameondoka akitikisa kichwa.

Nikatoka nje, maana wakianza wale mtu mwingine haingii. Nikawaelezea historia ya maji kupitia dirishani. Sidhani walisikia. Nilikuwa nimefika kwenye mabomba ya chuma yalipoletwa, nikasikia vigelegele. Kumbe wamejigawa timu mbili na wanashindana! Wembamba dhidi ya wanene! Nimepiga kelele wasimame, wao wakadhani nashangilia, wakaongeza kasi.

Wamemaliza wakiwa wamelowa, wanacheka, wananishukuru. Mmoja, muuza vitambaa, amesema hajawahi kujisikia vizuri hivi tangu aolewe.

Mita 688.

Nimekaa kwenye ngazi. Siogopi. Zamani nilikuwa na kitabu kikubwa na mita ndogo, sasa nina mita kubwa na kitabu kidogo. Ni tatizo lile lile, limegeuka tu.

Jumatano hii nimejifunza kwamba wanene walishinda.

Alhamisi, 7 Machi

Wageni 376 wa kukadiria kwa siku moja. Sijawahi kufanya kazi hivi hata nilipokuwa na ajira.

Familia zimeniishia saa tatu. Nimeingia kwenye vikundi: wafinyanzi, manahodha, chama cha watu wasiosikia vizuri ("Tumesikia kila neno"). Saa saba kurasa zimekwisha. Nimekwenda dukani kununua daftari. Lililobaki lilikuwa la hesabu, lenye vyumba vyumba. Nimelishonea ndani ya kitabu kwa uzi mweupe. Kwa mbali huoni kitu.

Nikiwa dukani, balaa. Nimerudi nikakuta mlango wazi na kelele ndani. Wote ishirini na sita! Wameona Jumatano iko mbali. Mama watoto ndiye aliyewapa ufunguo wa akiba, ule unaoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Nimemuuliza kwa upole uliobaki ilikuwaje. Amesema wale ni wageni, na mgeni hafungiwi mlango, hayo si ndiyo maneno yangu kila siku wakati wa kula?

Mita 871.

Nikashika tena kalamu. Nilikuwa nimeandika fundi saa mmoja na wajukuu zake, mara nikasikia mtu anapiga mayowe mtaani. Sauti ya fundi bomba.

Hapa pana jambo la kueleza. Zamani, kutoka tangi la juu palikuwa na bomba moja refu hadi kwenye kona, mtaa mzima ukichota pale. Lilikauka kabla sijaoa. Fundi bomba alijenga karakana yake kulizunguka, na bomba la zamani limetokeza ukutani, ndani, sawa na kimo cha kichwa. Hutundika koti lake hapo. Na mfuko wa chakula.

Sasa hebu fikiri. Mizunguko mia nane! Tangi la juu limejaa kwa mara ya kwanza tangu enzi hizo. Maji yamefanya yalivyozoea. Yameteremka hadi kwenye kona, yakakuta koti.

Nimefika kutazama, kwa huruma. Fundi alikuwa amesimama kwenye maji hadi vifundoni, spana mkono huu, spana mkono ule, chakula chake kinaelea kuelekea barabarani. Amefungua visivyofunguka, amefunga visivyofungika. Maji tu. Hatimaye amenigeukia. Uso umemshuka. Amesema koki ya kufunga bomba hili iko ndani ya nyumba ya pampu.

Nimemwambia najua. Na ufunguo uko shingoni kwangu.

Amesema tafadhali. Fundi bomba, mbele ya wapita njia, amemwambia msoma mita tafadhali! Nimemwomba arudie, nilijidai sikusikia vizuri kwa sababu ya maji.

Masharti yangu yalikuwa mepesi. Nafunga koki sasa hivi. Kesho anakuja kuandika wageni hamsini kitabuni, kwa mkono wake. Amekubali shingo upande. Nikaenda kufunga koki. Sikukimbia.

Ijumaa, 8 Machi

Amekuja saa mbili, koti bado bichi. Nimemkalisha mezani kwangu. Nimemsomea, ameandika. "Mtunzaji ni mtu mashuhuri." "Laiti mafundi wote wangekuwa na akili za mtunzaji." Hapo ameweka kalamu chini. Nimemkumbusha koki iko hatua mbili kutoka nilipo. Ameichukua tena.

Hati yake ni mbaya, na ni ile ile mara zote hamsini. Nimeamua ni watu hamsini waliosoma shule moja.

Amemaliza, akauliza kwa nini nisiwaandike tu wale wanawake. Watu wa kweli, ishirini na sita, wamekuja mara mbili. Nimecheka. Nimemweleza kwamba utunzaji wa kumbukumbu una taratibu zake, na kwamba mtu hawezi kuingia katikati ya kitabu wakati wageni wengine wako kwenye foleni. Ameondoka hajaelewa. Fundi ni fundi.

Saa kumi na moja jioni nimeandika mgeni wa mwisho. Kitabu 871. Mita 871.

Nimesimama katikati ya chumba nikatazama huku na huku. Machozi yamenilengalenga, nasema wazi, hii ni shajara yangu. Hawatauchukua ufunguo. Kesho mwaka wangu wa pili unaanza. Nimempitia mama watoto na habari njema. Amesema vizuri, na je, nimekula? Nimesema baadaye. Hajaja kwenye nyumba ya pampu tangu siku ile ya chai, huwa nasema nitamkaribisha rasmi, mambo yanaingiliana.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika hii mikono ikiwa bado na wino. Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi nafungua mlango, nimevaa suti ya mazishi. Natazama mita.

038.

Masalale! Nimefumba macho, nikafumbua. 038! Jana 871, leo 038! Jumatatu nilikuwa na wageni wengi kuliko hao!

Mtu mwingine angezimia. Mimi nimewahi kuona jambo hili kazini. Nikafikiri kwa utulivu. Juzi nimefunga koki. Maji yaliyokuwa tangi la juu yamekosa pa kwenda, yamerudi chini, na yaliporudi yamerudisha mita. Ni wazi kabisa. Pampu imerudisha maji.

Zimebaki dakika hamsini. Mita siwezi kuibishia. Basi kitabu ndicho kirekebishwe.

Nimechana. Wafinyanzi, manahodha, mapacha, timu ya mpira, hamsini wa fundi. Kurasa zote hadi nimebaki na wale arobaini na mmoja wa kweli. Kiuno kinauma, moyo unauma. Kurasa nimezisokomeza ndani ya boksi la mbao la gurudumu, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama.

Arobaini na mmoja. Mita thelathini na nane. Watatu wamezidi!

Nikapitia majina. Bwana wa miwani aliyeniuliza swali? Kamwe. Wageni wa mbali? Hawawezi kujitetea, si haki. Nikaona nianze na wa nyumbani, wao wataelewa. Nimejikata mimi. Nimemkata shemeji. Kalamu ikasimama kidogo juu ya mstari wa kwanza, mama watoto, "Nimeleta chai." Nikakata. Mstari mmoja mwembamba, kwa rula.

Saa tatu kamili, kamati. Mwenyekiti, mama mfupi mwenye mwavuli. Karani. Mhandisi wa maji mwenye tumbo na kicheko. Fundi bomba naye ameingia nyuma yao kama mtu wa nyumbani.

Mhandisi amesoma mita, thelathini na nane. Karani amehesabu kitabu, thelathini na wanane. Mwenyekiti amenipongeza, amesema hajawahi kuona hesabu inayolingana hivi. Nikainamisha kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ya chini na ya huruma kabisa, kwamba thelathini na wanane hawafiki mia tatu, na akanyoosha mkono.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Lengo lilikuwa mia tatu.

Nilikuwa nimekimbizana na mita wiki nzima hadi nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Nimevua ufunguo shingoni. Ulikuwa na joto.

Filimbi! Nje! Wanawake ishirini na sita, mistari miwili, shemeji mbele, mama watoto nyuma yao na chupa ya chai. Wamekuja kunipa moyo mbele ya kamati. Shemeji amemwambia mwenyekiti kwamba hii ndiyo nyumba wanayoipenda kuliko zote mjini, kwamba tangu Jumatano wamezungusha gurudumu hili karibu mara elfu, na kwamba hata leo alfajiri walikuja, dada yake akawapa ufunguo wa akiba.

Leo alfajiri!

Mhandisi ameangua kicheko hadi ameshika ukuta. Amesema mita ya vidirisha vitatu ikifika 999 inaanza upya, sifuri sifuri sifuri, kila mtu anayefanya kazi ya mita analijua hilo. Wote wamenitazama. Nimetazama dari.

Mwenyekiti ameuliza, basi hawa kina mama mbona hawamo kitabuni? Shemeji amesema waliambiwa nafasi zimechukuliwa. Amekivuta kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza. Akampa dada yake.

Mama watoto amesoma ule mstari. Ameweka chupa ya chai mezani, taratibu, akatoka. Ningependa angepiga kelele.

Mwenyekiti ameomba aoneshwe gurudumu linavyozungushwa. Kabla sijasema neno, wawili wameshalishika. Wanene. Boksi la mbao limekohoa. Ukurasa wa kwanza umeruka, wa pili, halafu zote, hewani, juu ya vichwa, juu ya suti yangu. Karani ameokota mmoja akausoma kwa sauti yake ya kikarani: "Nilikuja kuona pampu, nikamwona mtunzaji." Shemeji ameokota mwingine: "Laiti mafundi wote wangekuwa na akili za mtunzaji." Ameutazama mwandiko. Amemtazama fundi bomba, aliyekuwa amefungua mdomo kunichongea. Fundi ameufunga mdomo, akakumbuka ameacha kitu jikoni.

Uamuzi umechukua dakika tano. Nyumba haifungwi: wanawake ishirini na sita, mara tatu kwa wiki, mia tatu itapita kabla ya mwisho wa mwezi. Bomba la kona litafunguliwa mtaa uchote tena. Karakana ya fundi itasogezwa. Na ufunguo anapewa shemeji.

Mimi nimebakizwa kufagia na kuwaeleza wageni historia, wakiuliza. Nisiguse kitabu.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani kimya. Chai imewekwa mezani bila maneno. Nimeomba msamaha wakati wa chai, wakati wa chakula cha mchana, na kupitia mlango wa bafu. Nimeeleza kwamba ilikuwa hesabu tu. Nadhani hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Alasiri nimekwenda kufagia. Shemeji ameleta kitabu kipya, akakiweka mezani, akaniangalia, akakisogeza mbali nami kidogo. Akatoka nje kukaa na wenzake.

Nilikuwa nimeinama na ufagio nikasikia viatu ninavyovijua. Mama watoto. Hakunisalimia. Ameketi, akachukua kalamu, akaandika mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza. Amekwenda kwenye gurudumu akalizungusha mara moja, polepole, akisikiliza. Maji yamepanda. Kisha amegeuka, akaniuliza: haya maji, wazee waliyatoa wapi?

Miaka yote hii sikuwahi kumweleza. Nilidhani hataki, na yeye, kumbe, alikuwa anangoja nimalize na wengine.

Nimemweleza hadi jua likashuka dirishani. Sikusimama mlangoni. Hakuondoka.

Njiani kurudi ameniambia nimemwoa, kwa hiyo asikatwe tena kwa rula. Nimeapa. Najisikia mtu mwingine kabisa. Makadirio basi. Nimeacha.

Jumatatu, 11 Machi

Siku nzuri. Nimefagia mapema, shemeji hajafika.

Droo ya meza, shemeji anamofungia kitabu, ina kufuli, lakini kijiko cha chai kinaitosha. Sikukusudia kitu. Nilitaka tu kuuona tena ule mstari wa kwanza, mwandiko wake. Umekaa vizuri. Lakini chini yake, kurasa na kurasa, weupe mtupu! Kamati itarudi mwakani. Itaona mke wa mwelezaji alikuja mara moja tu. Watamfikiriaje? Watanifikiriaje mimi?

Nimechukua kalamu ya bluu. Nimemwandika leo. Nimemwandika kesho. Nimemwandika kila siku hadi mwisho wa Desemba, asubuhi na jioni, Jumapili mara tatu kwa kuwa ana nafasi. Maoni yake yote ni mazuri.

Imebaki mita. Ni mizunguko mia sita na kitu, na kiuno kimeshapoa.